Kitambaa Anachokiomba Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, 9 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo, na wifi hajambo? Kikohozi cha mapacha kimepoa? Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha. Simu yako haipatikani wiki nzima, ndiyo maana nimempa jirani yetu dereva wa lori barua hii.

Mama ana siku kumi na mbili hajameza dawa ya presha. Ndiyo, Mama huyu huyu aliyekuwa akitukimbiza na kijiko cha dawa nyumba nzima! Amejiunga na wafuasi wa mhubiri mmoja wa hemani, wanamwita Baba Mponyaji. Kaka, wanampigia magoti yeye, mwanadamu anayetoka jasho kama sisi! Wagonjwa anawapa kitambaa cheupe eti kina nguvu zake. Mama anakilalia, na asubuhi anakiomba dua. Kitambaa, Kaka!

Mdomo wangu unaujua. Alhamisi nilikinyakua, nikamwambia anaabudu sanamu, nikamsomea amri za Mungu utadhani si yeye aliyenifundisha. Akakichukua, akajifungia chumbani. Uso umemvimba, kichwa kinamgonga, na mimi napiga hodi mpaka mkono unauma.

Sasa nikuambie la aibu. Vitambaa hivyo nashona mimi. Waliponiletea robota la kwanza la vitambaa nivipinde kingo, nilidhani ni leso za kwaya. Nilipokuja kujua ni za nini, sikuacha. Nilijiambia, mimi napinda tu, siabudu.

Leo nilipotoka kanisani niliketi sakafuni mlangoni kwake, nikamwambia yote. Kisha akafungua.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Upindo huo nilikufundisha mimi. Nilipouona ndipo nikaamini. Nikasema, huyu wangu hawezi kushonea uongo."

Nililia, Kaka, weee! Kutwa nawasema watu wa hemani, kumbe shahidi wao humu ndani ni mimi.

Kesho narudisha robota lao, liwalo na liwe. Mama amemeza kidonge kimoja mbele yangu. Cha jioni amekataa, anasema mpaka akusikie wewe. Kitambaa kiko chini ya mto wake na sijakigusa tena. Tafadhali azima simu ya mtu, umpigie mara tu upatapo barua hii. Usimgombeze, maana kugombeza nimeshagombeza mimi na sikupata kitu.

Msalimie wifi, mapacha, na Mjomba Kicheko. Mungu aliye hai awafunike nyote, na anisamehe mikono hii.

Mdogo wako akupendaye,
Fundi