Gitaa Ambalo Halikuungua

Mdogo wangu Idi,

Salamu nimezitafuta nikazikosa, kwa hiyo naanza bila salamu. Na barua hii naiacha wazi, kila mtu aisome, kwa sababu na wewe ulimsema mama yetu wazi, mbele ya taa na makofi.

Wiki iliyopita watu wako walikuja Kisarawe: kijana wa Kifaransa mwenye kofia, binti wa Dar aliyekuwa anamtafsiria, na dereva. Walinikuta nafagia uwanja wa mama. Tangu tumzike huwa natoka Visiga kuja kufungua madirisha, nyumba isivunde. Walinisalimia kwa adabu, wakanieleza kwamba inatengenezwa filamu ya maisha yako, na wanauomba uwanja huu kwa siku chache. Nikauliza watapiga picha gani hapa. Yule binti akapekua karatasi zake, akasema, "Hapa ndipo mama anapochoma gitaa."

Nikamuuliza, "Mama wa nani?"

Akainamisha macho. Niliwaambia warudi Ijumaa kuchukua jibu. Kesho ndiyo Ijumaa. Kabla sijawajibu wao, nakujibu wewe.

Unalikumbuka lile gitaa lilivyoingia nyumbani? Baba alilileta kutoka Dar, alikokuwa mlinzi kwenye ukumbi wa dansi. Halikuwa na mkanda, mama akachana kanga yake akakushonea. Ulikuwa unajifunza pale nje, mama akipepeta mchele, na ungo wake ulikuwa unafuata mdundo wako. Ukikosea, ungo unasimama. Hasemi kitu, anakungoja tu, ukipatia anaendelea. Mwalimu wako wa kwanza wa muziki ni huyo. Siku hizi nasikia unawaambia Wafaransa ulijifunza mwenyewe, kwa kujificha porini.

Na kilichotokea kwenye msiba wa baba unakijua, maana ulikuwepo, kijana mzima mwenye ndevu za kwanza. Alikuja Mzee Maganga wa Mlandizi, Mnyamwezi, mtani wetu, kufanya kazi yake ya mtani. Alivaa koti la baba ndani nje, akatembea kwa kuchechemea kama baba, wanawake wakawa wanalia na kucheka kwa pamoja. Kisha akaingia ndani, akatoka na gitaa lako, akaenda nalo mpaka kwenye mafiga palipokuwa na sufuria la chai.

"Wazaramo wavivu nyie, kuni zimewaishia!" akapiga kelele. "Leo chai tunachemshia hili!"

Mama alikuwa ndani, amekalia mkeka wa eda. Akaita kutoka dirishani, "We Maganga! Mchawi wewe! Niachie mali ya mwanangu!"

"Mali inakombolewa. Lete jogoo!"

Mama akasema akamatwe jogoo wake mwekundu, yule aliyekuwa anamjivunia kijiji kizima. Mimi ndiye niliyempeleka. Mzee Maganga akampokea, akamtazama, akasema amekonda kama ukoo wetu, halafu akakukabidhi gitaa lako mkononi. Ulilikumbatia, Idi. Ulikuwa umelia tangu asubuhi, na hapo ndipo ulipocheka. Nakumbuka ulivyojipangusa pua kwa mkanda wa kanga.

Sikatai kwamba umepanda kwa jasho lako. Najua huko Ufaransa ulianza kwa kuosha vyombo na kuimba kwenye vituo vya treni. Tulikufuata hatua kwa hatua kwenye simu ya binti yangu Rehema, uliyemwacha akinyonya, ambaye sasa Kifaransa anakielewa. Kwenye filamu yako ya kwanza ulikuwa mwizi, ukapigwa risasi hata hujasema neno. Mama alijua ni maigizo. Lakini kesho yake alipika wali, akaita watoto wa madrasa wakuombee dua. "Lile shuka jeupe walilomfunika sikulipenda," alisema. Baadaye ukaigiza dereva, kisha daktari, na mama akawatangazia majirani kwamba umepandishwa cheo. Nyimbo zako alikuwa anazisikiliza akipepeta. Maneno haelewi hata moja, lakini ungo ulikuwa hausimami.

Kisha ukaja ule usiku wa tuzo. Ukakaa kwenye kiti chekundu, mtangazaji akakuuliza uchungu wa muziki wako unatoka wapi, nawe ukajibu kwa sauti ya chini, ukitazama viatu vyako. Ukumbi mzima ukasimama kukupigia makofi. Mtangazaji alikuwa anafuta machozi. Mama naye akapiga makofi kitandani kwake.

"Anasema nini baba yangu?" akauliza. Baba yangu. Maana ulipewa jina la babake, na hakuwahi kukuita vingine.

Rehema akapunguza sauti ya simu. Mama akamshika mkono. "Sema, mjukuu wangu. Si kanitaja? Nimesikia kasema mama."

Ndipo Rehema akamwambia. Kwamba wewe ni mtoto wa pekee. Kwamba siku ya mazishi ya baba, mama yako alichukua gitaa lako akalichoma mbele ya watu, kwa kuwa muziki ni haramu nyumbani kwenu.

Unajua mama alisema nini? "Labda kasahau. Siku ile alikuwa na homa." Alikutafutia udhuru hapohapo, hata hakuhema. Kisha akaniomba nimshushie gitaa lako. Ulipopata jipya mjini uliliacha hilo nyumbani, naye miaka yote alilitunza, amelifunga kwenye kanga, akilifungua kulipangusa vumbi. Nikalishusha. Akaligeuza, mbele na nyuma. Akalipapasa shingoni, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Pale lilipoungua," akasema.

Mtoto wake alikuwa amelisema kwenye televisheni ya Ulaya, watu wakasimama. Mama akaona huenda yeye ndiye aliyesahau. Mpaka anaondoka duniani alikuwa anaomba aletewe gitaa alitazame tena, na mimi nikawa namwambia, "Mama, hujachoma kitu." Kuna siku aliniamini, na kuna siku alinitazama kama namficha jambo.

Hilo sikusamehe. Nimejaribu, nimeshindwa, na sasa sijaribu tena.

Nilipokupigia simu baada ya watu wako kuondoka, ulinijibu kama mtu aliyeko kazini. "Dada, ni filamu tu. Huku utani wa misibani hawauelewi. Niwaambie gitaa lilikombolewa kwa jogoo? Watacheka."

Nikakwambia, "Na sisi tulicheka. Ndiyo maana yake."

Ukasema mimi sijui sanaa. Sawa. Mimi fundi cherehani, sanaa siijui. Lakini mama ninamjua.

Kwenye msiba wake hukuja. Ulituma shada la maua, likafika kwa gari kutoka Dar tumeshazika. Hakuna aliyejua liwekwe wapi. Mbuzi wa jirani alilila usiku na asubuhi ikabaki waya.

Mzee Maganga alikuja, yeye mwenye fimbo na macho yasiyoona vizuri. Akajitanda kanga ya mama, akaweka ndala sikioni, akaita, "Haloo, Ufaransa? Baba yangu? Umekula? Huko baridi, vaa sweta!" Alivyomwigiza mama, watu walicheka mpaka wakakaa chini, kisha kilio kikaanza upya. Halafu akaingia ndani akatoka na gitaa. Nilikuwa nimeshamfunga jogoo miguu, namngoja. Akamkataa.

"Safari hii sipokei kwa dada mtu," akasema. "Mwenye mali aje mwenyewe." Akaondoka nalo gitaa mpaka kwake Mlandizi.

Basi jibu langu ni hili. Uwanja wa mama siutoi. Kesho nitawaambia watu wako hivyo kwa upole, nitawapa na chai, kwa kuwa wao hawajanikosea. Wakatafute uwanja mwingine na mama mwingine. Hapa moto unaoruhusiwa ni wa kupikia.

Na kama bado wewe ni mtoto wa nyumba hii, njoo bila kamera. Jogoo mnunue mwenyewe, umkague mwenyewe, kisha umpeleke Mlandizi kwa mkono wako. Mzee Maganga atakutukana kwanza. Vumilia, ni haki yake. Akishakukabidhi gitaa, lisogeze kwenye mwanga. Ligeuze mbele na nyuma, ulipapase shingoni, kama mama alivyofanya, utafute pale lilipoungua.

Ukipaona, rudi kwenye kile kiti chekundu uwaambie Wafaransa kwamba mwongo ni mimi. Usipopaona, pita Kisarawe kwanza, kaburini. Ukamwambie yeye, maana alikufa hana uhakika.

Ni mimi dada yako,
ambaye kwenye filamu hayumo.