Ukuta wa Watu wa Duara

Jumatatu, 6 Julai
Nimeponda mawe ya dhahabu hadi mikono imekufa ganzi. Jioni nikachezesha tena mpira wa wavu, uwanja wetu wa vumbi hapa Kemambo. Wachimbaji na walimu. Wachimbaji, timu ya kaka yangu Marwa, wakasimama bega kwa bega karibu na wavu, mikono juu, hata walimu hawamwoni anayeanzisha mpira. Nikapuliza. Pointi kwa walimu. Wakanizomea. Wazomee tu. Sheria nilifundishwa shuleni, ni kosa kumziba anayeanzisha, na kipyenga ni changu.

Jumanne, 7 Julai
Nimeelewa kwa nini hawasikii. Kule duarani, kwenye shimo la dhahabu, mfuko wa mawe ukivutwa juu wachimbaji huuzunguka hivyohivyo, wageni wasione. Sisi wanawake ndiyo kabisa haturuhusiwi kusogea, eti macho yetu yanafukuza dhahabu. Upuuzi. Anayeiponda nani?

Alhamisi, 9 Julai
Keshokutwa fainali, wachimbaji na timu ya bodaboda wa Tarime. Marwa kasema mbele ya mama: "Bhoke, we dada yangu au wa bodaboda? Ukituharibia, hicho kipyenga natupa chooni." Mama kaendelea kusonga ugali, kama hajasikia. Hilo ndilo limeniuma zaidi.

Ijumaa, 10 Julai
Naogopa. Nitachezesha.

Jumamosi, 11 Julai
Seti ya mwisho, wako sawa. Nilishamwonya Marwa, ndiye nahodha. Wakajenga ukuta uleule. Mpira ukapita juu ya vichwa vyao, bodaboda wakaushtukia umeshaanguka. Wachimbaji wakaruka kwa furaha. Nikapuliza. Pointi kwa bodaboda. Mpira uliofuata wakamaliza kazi. Tumefungwa. Ndiyo, tumefungwa, hata mimi ni wa Kemambo.

Chupa ikanipiga mgongoni. Marwa akaja, akanyoosha mkono nimpe kipyenga. Sikumpa. Nikamwambia, mpira si mfuko wa mawe, anayeupokea ana haki ya kuuona. Nikakikaza kipyenga mkononi. Sikumpa.

Jumapili, 12 Julai
Dhahabu haina Jumapili. Mama kanituma nimpelekee Marwa ugali. Nikasimama mbali na duara, pale wanapotuweka wanawake siku zote. Mfuko ukaanza kupanda. Wakajipanga bega kwa bega. Marwa akageuka, akaniona. Akasogea kando hatua moja, pakabaki uwazi. 

Nikaangalia. Mawe tu, yana matope.

Nikamwekea ugali wake chini, nikarudi kuponda.