Mbwa wa Bandarini na Mkebe wa Abdi

Jumanne usiku

Kumbe mtu wa kuogopa nilikuwa mimi.

Tangu redio iseme mabaharia wa meli za watalii wanakamatwa wakificha madawa ya kulevya, sipati usingizi. Mwanangu Abdi ni mpishi kwenye meli kama hizo. Siku ya kuondoka hapa Iftin nilimwapisha asibebe mzigo wa mtu yeyote, hata rafiki.

Leo mchana akapiga simu. "Hooyo, nilizuiwa bandarini. Mbwa wa polisi alikaa mbele ya begi langu, akakataa kutoka."

Nikamuuliza, "Ulibeba mzigo wa nani?"

"Wako, hooyo."

Ni ule mkebe wa nyirinyiri niliompa siku aliyoondoka. Nyama ya ngamia wa Balambala, niliikaanga kwa samli kutwa nzima, halafu nikauzungushia mkebe selotepu mpaka ukatisha. Polisi wakaukata kwa kisu. Mmoja akaonja, mwenzake akaonja, wakamwita mkubwa wao. Abdi alirudishiwa nusu. Kazi hajapoteza, alhamdulillahi.

Lakini huyo mbwa amenikera. Amefundishwa madawa, nyama inamhusu nini? Na alitia pua ndani, ikawa najisi, kwa hiyo hata hiyo nusu Abdi ameitupa.

Kesho nitanunua nyama nyingine, nifunge mikebe miwili ya safari yake ijayo. Mmoja wa Abdi. Wa pili ni wa mbwa, akae nao huko, mwanangu apite.