Mguu wa Gachanja Mlangoni kwa Amida

Landless, Thika
20 Agosti 1996

Mpendwa mwanangu Mumo,

Nakusalimia kwanza, halafu nakusalimia tena kwa niaba ya marehemu dada yangu aliyekuzaa. Hiyo joto ya Lodwar inakutendeaje? Kifua ilipona? Mimi magoti ni yale yale, asubuhi yanakataa, jua ikipanda yanakubali. Anayeandika ni jirani yangu Amida, si unajua mkono yangu inajua jembe peke yake. Ananiambia nisiongee mbio.

Mvua ilitudanganya, mahindi imekauka ikiwa na ndevu. Ndizi ziko.

Sasa sikia. Unakumbuka Bwana Kikohozi? Kile kipindi cha televisheni mlikuwa mnaangalia na dada yako Kaluki mkiwa wadogo, mmening'inia dirishani kwa yule karani, kwa sababu bibi yake hakutaka miguu yenu ya matope. Yule mwanaume wa kukohoa langoni kwa wakwe mpaka kuku wanaruka, ndio mama mkwe apate nafasi ya kujificha. Basi wameitengeneza upya, sinema kubwa. Amida akapata kaseti, akatuita Jumapili baada ya kanisa.

Lakini kuna kitu nilikuficha, usikasirike. Kaluki yuko hapa kwangu tangu Juni. Alimwacha Gachanja huko Mwihoko. Hakupigwa, hapana. Ni mambo ya nthoni, ile heshima ya ukwe. Kwetu Wakamba mkwe haingii penye mama mkwe ameketi mpaka alete mbuzi. Gachanja amezaliwa kwa ploti za mjini, akasema hiyo ni ushamba. Akaingia mpaka jikoni kwangu, akaketi, akafunua sufuria! Mimi nikatoroka kupitia dirishani, na hii magoti. Kaluki akamwambia, "Ukimdharau mama umenidharau. Rudia mara moja tu, usinitafute tena."

Na Kaluki akisema amesema. Hiyo alichukua kwa dada yangu.

Basi tukaketi, Amida akavuta pazia. Huyo Kikohozi mpya ni mwembamba, ana suti, ana gari. Aoko, yule wa samaki, akauliza, "Huyu ni Kikohozi ama ni meneja wa benki?" Hata hakohoi! Anapiga honi. Kaluki alikuwa na uso kama mtu ameibiwa. Jamaa akashuka, akaenda kwa mama mkwe wake, mikono wazi.

Hapo ndipo mlango ulifunguka. Mwangaza ukaingia. Gachanja! Mguu moja ndani, moja nje.

Nyumba ya Amida ni chumba moja na mlango ni moja, na mimi nimeketi kuangaliana nao. Nikavuta leso nikajifunika kichwa. Chini ya leso naona kiatu yake tu, nyeusi, imepigwa rangi. Kwa televisheni yule mwingine anakumbatia mama mkwe, watu wa sinema wanacheka. Kaluki akanifinya mkono mpaka pete ikaniuma. Nikasema moyoni, hiyo kiatu ikisonga, ndoa imekwisha.

Na Aoko hana adabu, akapaza sauti, "Mkwe, ingia basi! Si unaona hata sinema inakufundisha?"

Kiatu ikakaa. Mumo, ilikaa! Halafu ikarudi nyuma. Mlango ukafungwa.

"Ameenda," Kaluki akasema.

Tukasikia kikohozi dirishani. Kwanza kidogo, cha mtu ameona haya. Halafu kikubwa, kile chenyewe, cha kurusha kuku! Aoko akaanguka kwa kiti. Kaluki akacheka huku anapangusa macho.

Gachanja aliangalia sinema yote akiwa nje dirishani, manyunyu inamnyeshea, vile nyinyi mlikuwa mnafanya. Kaluki akabeba kigoda akaenda kuketi hapo karibu na pazia. Mimi nilibaki chini ya leso kama ugali imefunikwa, kwa hivyo usiniulize sinema iliishaje.

Mbuzi bado. Lakini jana Kaluki alivuta mfuko wake chini ya kitanda, akaukung'uta vumbi. Mimi nilienda kuchuma ndizi za kubeba akirudi Mwihoko.

Nisalimie bwanako Mulei, na huyo wajina wangu, mwambie nyanya anataka kusikia ameota meno. Amida anakusalimu, mkono umemchoka. Mungu awafunike vizuri, wewe na nyumba yako, usiku na mchana.

Wako akupendaye, aliyekulea,
Mama mdogo Ndunge