Chai ya Marehemu

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku mvua haijakatika tangu Jumatatu, na kibanda changu kimejaa hadi fundi viatu anakunywa amesimama. Chai naipika ulivyonifundisha: tangawizi na iliki zichemke kwanza kwenye maji, ndipo maziwa yafuate, yasije yakakatika.

Nimefurahi kusikia utakuja Ijumaa. Ila kuna neno limenikaa kooni. Siku nilipofungua, mteja aliniuliza, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Marehemu shangazi." Nilitaka tu chai ionekane ya urithi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yangu imefika miaka miwili. Wanaiita chai ya marehemu, na fundi viatu hamalizi kikombe bila kukuombea dua.

Asubuhi hii nimewaambia ukweli. Nikawa nakoroga sufuria isiyo na kitu. Fundi akatua kikombe.

"Sasa dua zangu zote zile zimekwenda wapi?"

Shangazi, njoo hivyo hivyo. Wanataka kukuona, nami nitastahimili utakayoyasema mbele yao.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, niliyekuzika ukiwa hai.