Pua Yangu na Loisi

Igamba, Mbozi
16 Julai 2022

Mpendwa mdogo wangu Yudita,

Hamjambo huko Newala? Shemeji Mika na mtoto Blessing wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi hatutoki bila blanketi mabegani.

Uliuliza kama nimepona. Uviko wenyewe uliisha mwezi wa nne, lakini pua haijarudi. Chai naijua kwa joto lake tu, na miguu huniishia nguvu nikipanda kutoka kisimani. Nesi wa zahanati anasema virusi vimetoka, haya ni mabaki, nivumilie. Loisi, mke wa shemeji Amoni, tuliugua naye wiki ileile. Siku ya kumi alikuwa shambani anaimba. Namwonea wivu, Yudita, sikufichi.

Unajua tangu niolewe hapa mimi ndiye ninayeitwa kunusa kahawa iliyomenywa, ikiwa imelowekwa pipani, niseme kama iko tayari kuoshwa. Wengine husugua punje kiganjani kuona kama utelezi umetoka. Mimi nilikuwa nainama mara moja tu, na baba mkwe akiwaringia wageni kwamba pua yangu ni mali ya ukoo.

Hapa nyumbani sikumwambia mtu kwamba sinusi. Wiki iliyopita nikainama kama kawaida, nikamwambia Loisi bado, iachwe hadi kesho. Kusugua sikuthubutu, wangejua. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi liliniumbua pipa. Kesho yake kahawa yote ilikuwa imechacha, majirani waliisikia harufu toka barabarani. Mimi nimesimama juu yake, sisikii kitu.

Baba mkwe alipouliza, Loisi akawahi: "Ni mimi, baba. Dada aliniambia nioshe jana, nikasahau."

Alikemewa mbele ya watoto. Utadhani nilimshukuru. Nilimchukia zaidi. Pua anayo, nguvu anazo, na sasa hata wema amenizidi.

Jana pipa lilijaa tena, nikaitwa. Nikamweleza baba mkwe ukweli wote, kisha nikamwita Loisi ainame yeye. Akanusa, akanitazama, akasema tayari. Nikasugua punje: ni kweli. Iliniuma, mdogo wangu.

Tukiwa tunaosha akaniuliza kwa sauti ya chini kahawa iliyo tayari inanukaje hasa, maana alikuwa amebahatisha. Nikaanza kumweleza. Nilikuwa naikumbuka harufu yote, Yudita, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Msalimie Mika, mbusu Blessing, na mama mkwe wako mpe shikamoo yangu. Loisi naye anakusalimu, nimemkubalia niandike. Mungu awatunze, nanyi mniombee pua hii.

Dada yako akupendaye,
Enesi