Mwanamke wa Chimala Amelipa Nusu ya Faini ya Mume Wangu

Mpendwa mshauri Veneranda, naomba msaada wako maana nina wivu unaonila mpaka ibadani, mimi ni mama wa watoto wawili hapa Igowole, mume wangu Anord tulifunga ndoa usharikani kwetu, kazi yake ni kupeleka mbao Chimala na kurudi na mchele wa Madibira, na msimu huu alikamatwa na mbao ambazo hazikuwa na kibali, mahakama ikamwambia alipe faini au aende jela miezi sita, hela hakuwa nayo, akaingia gerezani huko Mbeya.

Nikauza mipaini tuliyopanda pamoja mwaka tuliooana, mnunuzi akanipunja kwa sababu aliona nina shida, nikafunga hela kiunoni nikapanda basi hadi Mbeya, pale getini askari akaniuliza, “Wewe ni nani wake?” nikamjibu mimi ni mke wake, akanitazama akasema, “Mke tena? Mke wake si yule amekaa kwenye benchi?”

Nikageuka nikamwona. Mshauri, sitakudanganya, ni mzuri, amevaa baibui safi na ananukia udi, mimi viatu vyangu vina udongo wa shambani na kitenge kimekunjamana kwa safari, nikatamani ardhi inifunike, halafu papo hapo nikatamani imfunike yeye. Akainuka akaniambia, “Dada, naitwa Hanifa, natoka Chimala. Usiniangalie hivyo. Anord aliniambia mliachana zamani. Mimi nimeuza cherehani yangu, nimelipa nusu ya faini. Malizia iliyobaki atoke kwanza, mengine tutaongea.”

Niliporuhusiwa kumwona Anord nikamuuliza huyo mwanamke ni nani, akasema, “Ni mteja wangu wa mbao tu.” Nikamwambia, “Mteja gani anauza cherehani kwa ajili ya muuza mbao?” Akainamisha kichwa, akasema, “Eveline, nitoe kwanza.” Kwanza! Neno lilelile la yule mwanamke, nikajua wamepanga.

Nikarudi Igowole na hela zangu zote kiunoni. Mama mkwe ananiuliza kila siku mwanawe anatoka lini, namwambia mahakama inachelewesha, na hapo namdanganya mama wa watu, lakini mshauri, ukweli ni kwamba Anord akiwa ndani nalala usingizi, kwa sababu hata Hanifa hampati. Kinachonitisha sasa ni kwamba askari alinidokeza mfungwa kama yeye anaweza kuomba amalizie kifungo nje kwa kufanya kazi za jamii bila malipo, karibu na anakoishi, na tangu siku hiyo najiuliza Anord ataandikisha kwamba anaishi wapi, Igowole au Chimala? Nikilipa namkombolea mwenzangu, nisipolipa mwenzangu ndiye atakayeonekana mke. Nifanye nini?

Eveline, Igowole.

JIBU

Eveline, pole. Kumkuta mwenzio kwenye benchi la gereza, na yeye ndiye anayekuita dada, ni jambo la kumchoma mwanamke yeyote. Ningekuwa mimi pengine nisingeondoka kwa utulivu kama ulivyoondoka wewe. Anord amekudanganya, na kwa maelezo ya Hanifa, naye pia amedanganywa. Una haki ya kukasirika.

Lakini sikiliza. Mahakama ilimfunga mumeo kwa ajili ya mbao. Wewe sasa unamfunga kwa ajili ya Hanifa, na unatumia hela ya miti aliyoipanda na wewe. Hapo umekosea, mama. Na unamdanganya mama mkwe ambaye hakukukosea lolote. Acha leo hii.

Tena wivu umekuziba macho usione jambo moja. Sehemu ya faini ikishalipwa, kifungo nacho hupungua kwa kiasi hicho. Nusu ya Hanifa tayari imemkatia Anord siku. Ukikaa na hela kiunoni, atatoka tu, na atatoka akijua ni cherehani ya nani iliyomtoa. Unadhani unamzuia? Unamsindikiza Chimala.

Kuhusu kazi za jamii, ulichoambiwa ni kweli, ila nafasi hiyo haipatikani kwa kutaka tu. Mfungwa anaomba kupitia mkuu wa gereza, ofisa anayesimamia huduma hizo anakwenda kuuliza nyumbani kwake na kwa majirani, kisha mahakama inaamua. Maana yake akiandikisha Igowole, watakuja kukuuliza wewe kama unampokea. Njia hiyo ni nzuri kwa asiye na hela. Wewe unayo, usiizungushe familia.

Jumatatu nenda na shemeji yako mmoja katika mahakama iliyotoa hukumu. Uliza kilichobaki baada ya malipo ya Hanifa na siku alizokwisha kutumikia, maana nazo zinahesabiwa. Usimpe mtu hela mkononi, hata akijiita karani. Omba kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, lipa, chukua risiti, ipeleke gerezani mwenyewe. Salio la mipaini weka kwa ajili ya watoto, usilitaje kwa Anord. Ukitaka kumrudishia Hanifa chochote, huo ni moyo wako. Anayedaiwa naye ni Anord.

Usimsubiri getini. Mtumie nauli ya basi kupitia shemeji, urudi nyumbani. Akija Igowole, kabla hajala, akae mbele yako na mchungaji aseme yote, na wewe ndipo uamue kama unamtaka bado. Asipokuja, utalia, nami nitakupa pole tena, lakini utakuwa umejua. Kwa sasa huwezi kujua anampenda nani, kwa sababu aliyefungiwa hana nafasi ya kuchagua nyumba. Lipa, mama, lango lifunguliwe, umwone anashika njia ipi.